Mraba ni Mstatili: Majina ya Maumbo ya Pande Nne na Ufunzaji wa Watoto

Mtoto wa chekechea hapa Bamburi akionyeshwa kigae cha sakafu, aghalabu husema bila kusita kuwa ni mraba. Kigae hichohicho kikisimamishwa kwa pembe yake, huenda akakana. Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walimu wa Uholanzi, walilifafanua jambo hili mwaka 1957: mtoto huanza kutambua umbo kwa sura yake nzima, kisha hutambua sifa zake, na baadaye ndipo huona uhusiano wa umbo moja na jingine. Makala haya yanadai kuwa katika safari hiyo istilahi za Kiswahili humwongoza mtoto, na pia huweza kumpoteza.

Tuanze na zinazomwongoza. Pembenne hujieleza. Msambamba umetokana na neno sambamba. Jina lenyewe linataja sifa ya pande zinazoelekeana. Mraba, neno lenye asili ya Kiarabu, ni wa ukoo mmoja na robo na arubaini. Ndani yake mna nne.

Tatizo limo katika mstatili. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kilichorefushwa. Mtoto hudhani kuwa mstatili sharti uwe mrefu, ilhali katika hisabati ni umbo lolote la pande nne lenye pembe zote za nyuzi 90. Hivyo, kila mraba ni mstatili, ingawa si kila mstatili ni mraba. Mwalimu anayemkosoa mtoto aliyeuita mraba mstatili humwadhibu kwa kusema kweli.

Dawa imo nyumbani. Watoto watandaziwe leso, wahesabu pande, wapime pembe kwa ncha ya daftari, kisha wakunje pembe moja hadi ukingo mfupi ulale juu ya ule mrefu. Ukanda unaosalia ukikunjwa kando na leso ikakunjuliwa, wataona mraba. Pembe zingali zilezile. Kashata iliyokatwa kimshazari, hata pande zake zikilingana, ni msambamba wala si mraba, kwa kuwa pembe zake si za nyuzi 90. Kila jibu lifuatwe na swali: umejuaje?

Sera ya elimu nchini Kenya huelekeza madarasa ya awali yafunzwe kwa lugha ya eneo la shule. Hapa kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Sisi wanafunzi wa Kiswahili, basi, hatuna budi kuyafafanua majina haya kabla hayajamfikia mtoto, badala ya kuwaachia walimu wa hisabati peke yao.