Kezilahabi na Mgogoro wa Shairi Huru

Diwani ya Kichomi ilipochapishwa mwaka 1974, wapo wasomaji walioifunika wakiuliza iwapo yaliyomo ni mashairi hata kidogo. Euphrase Kezilahabi alikuwa ametupilia mbali vina na mizani, akaitetea lugha ya mazungumzo ya kila siku. Kwa wanajadi, waliozilea kanuni zilizofafanuliwa na K. Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, utungo uliopungukiwa na mizani uliitwa guni, na jina hilo halikuwa la sifa.

Si haki kuwabeza wanajadi. Ushairi wa Kiswahili ulikuwa wimbo kabla haujawa maandishi, na utungo usioimbika uliwatisha kwa sababu ya msingi. Isitoshe, aliyewajia na mapinduzi hayo alikuwa mzawa wa Namagondo, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Nyuma ya hoja za arudhi, basi, palijificha swali chungu zaidi: Kiswahili ni cha nani? Mulokozi na Kahigi waliutetea mkondo mpya katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979). Ibrahim Noor Shariff akaupinga katika Tungo Zetu (1988).

Kezilahabi hakuwa peke yake, kwani Ebrahim Hussein naye alikwisha kutunga bila vina. Hata hivyo, ni Kichomi iliyofungua mlango ambao haukufungika tena. Nchini Kenya, Alamin Mazrui, aliyelelewa katika utamaduni wenyewe wa pwani, alikumbatia shairi huru katika Chembe cha Moyo (1988), naye Kithaka wa Mberia akazidi kucheza na umbo katika Mchezo wa Karata (1997). Katika riwaya, Nagona (1990) na Mzingile (1991) zilivunja msuko uliozoeleka, na ni vigumu kuisoma Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila bila kuzikumbuka.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Katika madarasa ya sekondari, mwanafunzi angali anafundishwa kulitambua shairi huru kwa kile lisicho nacho: halina vina, halina mizani. Takriri zake, picha zake, na mishororo inayokatwa kwa kufuata pumzi na wazo, aghalabu havitajwi.