Uchunguzi wa Afya kwa Wazee: Vipimo Vichache, Ufuatiliaji Mrefu

Uchunguzi wa afya wa kila mwaka ni utaratibu wa kumpima mtu ambaye halalamiki ugonjwa wowote, kwa matumaini kwamba maradhi yaliyojificha mwilini yatagunduliwa yangali machanga, na kwa sababu hiyo hauna budi kutofautishwa na matibabu ya kawaida, ambayo huanza pale dalili inapomsukuma mgonjwa mwenyewe kwenda hospitali. Anayefika kwa daktari huku kifua kikimbana amekwisha kuwa na shida, na kipimo chochote kinachoieleza shida hiyo ni msaada kwake. Lakini mzee wa miaka 68 aliyetoka nyumbani akiwa mzima, kisha akarudi na bahasha ya majibu yenye alama nyekundu tatu, ana haki ya kuuliza iwapo safari hiyo imempunguzia hatari au imemwongezea hofu na gharama tu. Swali hili limepata uzito katika miji ya Afrika Mashariki, ambako hospitali na maabara binafsi huuza vifurushi vya kupima mwili mzima, na watoto wenye uwezo huwalipia wazazi wao kwa mapenzi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1861 daktari Horace Dobell wa London alipendekeza katika mihadhara yake kwamba watu wapimwe mara kwa mara wangali wazima, na mwaka 1913 ikaanzishwa mjini New York taasisi ya Life Extension Institute, iliyoshirikiana na kampuni za bima ya maisha, ambazo hesabu yake ilikuwa wazi: mteja anayeishi zaidi hulipa michango mingi zaidi, na fidia yake huchelewa. Kwa miongo kadhaa iliyofuata ukaguzi wa kila mwaka ulichukuliwa kuwa jambo la busara lisilohitaji ushahidi, mpaka mwaka 1979, jopo la wataalamu nchini Kanada lilipopendekeza uachwe na mahali pake pachukuliwe na vipimo vichache vinavyochaguliwa kwa kuzingatia umri, jinsia na hatari ya kila mtu. Ushahidi uliokusanywa baadaye uliliunga mkono jopo hilo. Mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2019 yaliunganisha majaribio 17 yaliyohusisha watu zaidi ya 250,000, ambamo walioalikwa kupimwa afya kwa jumla walilinganishwa na wasioalikwa, na ikaonekana kwamba uchunguzi huo haukupunguza vifo kwa kiasi cha kuonekana, vikiwamo vya saratani na vya maradhi ya moyo.

Wanaoyanukuu matokeo hayo, hata hivyo, husahau mara nyingi mambo mawili yanayobadilisha maana yake. La kwanza ni kwamba majaribio yaliyowalenga wazee hasa yaliwekwa kando katika mapitio hayo, kwa hiyo picha iliyopatikana ni ya watu wa makamo. La pili ni kwamba majaribio yenyewe yalifanyika Ulaya na Marekani, ambako mtu asiyealikwa kwenye uchunguzi wowote bado humwona daktari wake kwa mafua au kwa mgongo na kupimwa shinikizo la damu papo hapo, jambo lisiloweza kusemwa kuhusu mkulima wa vijiji vya Kilimanjaro au mvuvi wa Pemba.

Hatari ya kupima ovyo huanza na hesabu rahisi. Kwa vipimo vingi vya damu, kiwango kinachoitwa cha kawaida hupatikana kwa kuwapima watu wazima wengi na kuchukua eneo la kati wanamoangukia asilimia 95 yao, maana yake watu 5 katika kila 100 wasio na ugonjwa wowote watakuwa nje ya mipaka kwa sababu tu mipaka iliwekwa hapo. Mtu mzima akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau jibu moja kutoka na alama ya hitilafu hufikia asilimia 64, na kifurushi kilicho kikubwa zaidi huongeza uwezekano huo. Hitilafu ya namna hiyo huzaa kipimo cha pili, mara nyingine picha ya CT, mara nyingine kuchukuliwa kinyama kwa sindano, na katika mwili wa miaka 75 kila hatua ya namna hii ina madhara yake.

Korea Kusini ililipia somo hili kwa bei kubwa. Baada ya nchi hiyo kuanzisha mpango wa taifa wa kuchunguza saratani mwaka 1999, hospitali nyingi ziliongeza kwa malipo madogo kipimo cha ultrasaundi ya tezi ya shingo, ingawa hakikuwa sehemu ya mpango, na ilipofika mwaka 2011 saratani ya tezi hiyo ilikuwa ikigunduliwa kwa kiwango mara 15 ya kile cha mwaka 1993, ilhali idadi ya waliokufa kwayo haikubadilika. Vivimbe vilivyokuwa vikigunduliwa vilikuwa vidogo mno, vya aina ambayo watu huishi nayo mpaka wakafa kwa sababu nyingine, lakini takriban kila aliyeambiwa ana saratani alifanyiwa upasuaji, na wengi wao wakabaki na wajibu wa kumeza vidonge vya homoni maisha yao yote. Huku ndiko wataalamu wanakoita kugundua kupita kiasi: ugonjwa uliopatikana ni wa kweli kwenye darubini, ila haukuwa na nia ya kumdhuru mwenyewe. Kosa hili huwanyemelea wazee kuliko kundi jingine lolote, kwa kuwa saratani inayokua polepole huhitaji miaka 10 au zaidi kuleta madhara, na si kila mzee anayo miaka hiyo mbele yake.

Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa kigezo cha kuepuka mtego huo mwaka 1968, katika kitabu kilichoandikwa na Max Wilson na Gunnar Jungner, ambamo kati ya masharti 10 ya uchunguzi wa halaiki yamo haya: ugonjwa unaotafutwa uwe tatizo kubwa, uwe na kipindi cha kujificha kinachoweza kutambulika, iwepo tiba inayokubalika, na vifaa vya kuthibitisha na kutibu vipatikane. Sharti la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi katika kambi za upimaji wa bure, ambako watu mia kadhaa huambiwa siku moja kwamba presha zao ziko juu na kesho yake mahema yanakunjwa.

Shinikizo la damu lenyewe linatimiza masharti karibu yote, na kama mzee angeruhusiwa kipimo kimoja tu kwa mwaka, basi kingekuwa hiki. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Tanzania, kwa watu wa miaka 70 na zaidi wanaoishi vijijini, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta takriban 7 katika kila 10 wana presha ya juu, na walio wengi kati yao hawakuwa wakijua. Hata miongoni mwa waliojua, waliokuwa wakitumia dawa na presha zao zikatulia walikuwa wachache. Ugonjwa huu hauumi wala hauchoshi, na imani kwamba mwenye presha huumwa kichwa ndiyo iliyowapeleka wengi kwenye kiharusi bila kutarajia. Zamani baadhi ya madaktari walisita kuwatibu wazee sana, wakidhani mishipa yao iliyokakamaa inahitaji msukumo mkubwa, lakini jaribio la HYVET, lililotangazwa mwaka 2008 na kuwahusisha wagonjwa 3,845 wa miaka 80 na zaidi kutoka Ulaya, China, Tunisia na kwingineko, lilionyesha kwamba dawa zilipunguza vifo vya sababu zote kwa asilimia 21, huku visa vya kiharusi navyo vikielekea kupungua kwa takriban theluthi moja.

Kipimo hicho, hata hivyo, kina adabu zake. Mzee apumzike kwa dakika 5 akiwa ameketi, mgongo umeegemezwa na mkono umelazwa usawa wa moyo, apimwe zaidi ya mara moja, na asianzishiwe dawa za maisha kwa namba ya siku moja isipokuwa namba hiyo iwe ya kutisha. Kisha asimamishwe na kupimwa tena ndani ya dakika 3, kwa kuwa wazee wengi, hasa wenye kisukari au wanaotumia vidonge vya kukojoza, hushuka kwa milimita 20 au zaidi za namba ya juu wanaposimama, na hapo ndipo penye siri ya wengi wanaoanguka alfajiri wakielekea msalani. Mpimaji akiwa ameshika mkono huo, hana sababu ya kuacha kuugusa mpigo: mapigo yasiyo na mpangilio huashiria hitilafu ya vyumba vya juu vya moyo ambayo hufanya damu igande humo, na huongeza hatari ya kiharusi takriban mara 5.

Sukari na figo hufuata. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 iliyopita, kinachosomwa kwenye hemoglobini, ni kizuri, ila mwenye upungufu wa damu au aliyerithi vinasaba vya selimundu anaweza kupewa jibu la kupotosha, jambo la kukumbukwa katika nchi ambazo hali hizo ni za kawaida. Kreatinini, taka ya misuli inayotumika kukisia kazi ya figo, nayo huhadaa: mzee aliyekonda ana misuli michache, huzalisha taka kidogo, na figo zilizochoka huonekana nzima kwenye karatasi. Papo hapo aulizwe kuhusu diklofenaki na ibuprofeni anazonunua duka la dawa kwa ajili ya magoti, kwa sababu dawa hizo hupandisha presha, huumiza figo na kuchubua tumbo, na kuna wazee wanaoongezewa dawa ya presha ya pili na ya tatu pale ambapo tiba halisi ingekuwa kuacha kidonge cha maumivu. Kupitia dawa zote za mzee, zikiwamo za mitishamba, huenda kukawa na manufaa kuliko nusu ya vipimo vya maabara, na hakuna mashine inayohitajika.

Sehemu iliyo tajiri zaidi ya uchunguzi wa uzeeni haionekani katika vifurushi vya hospitali. Mwaka 1964 James Williamson na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza wazee 200 wa Edinburgh majumbani mwao, wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya matatizo yao yalikuwa hayajulikani kwa madaktari wao. Ya moyo na mapafu yalijulikana, bali ya mkojo, miguu, viungo, kusahau na huzuni yalikuwa yamefichwa, ama kwa haya, ama kwa kudhani kwamba uzee ndivyo ulivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao ICOPE umejengwa juu ya ukweli huo, na hupima uwezo badala ya magonjwa: mzee aambiwe maneno matatu na kuyakumbuka baadaye, aulizwe siku ya leo na mahali alipo, ainuke kwenye kiti mara 5 bila kutumia mikono ndani ya sekunde 14, asikie sauti ya mnong'ono, asome au aeleze anavyoona, aulizwe kama amepungua kilo 3 katika miezi 3 bila kukusudia, na kama amepoteza raha ya mambo aliyoyapenda. Mhudumu wa afya wa kijijini aliyefundishwa vizuri anaweza kuyafanya haya yote uani, chini ya mwembe, na majibu yake huelekeza kwenye tiba zilizopo: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, nta ya masikio huoshwa, miguu dhaifu huimarishwa kwa mazoezi.

Kuhusu saratani maneno hayahitaji kuwa mengi. Mwanamke ambaye hakuwahi kupimwa mlango wa kizazi asiambiwe kwamba amezeeka mno, kwa kuwa kanuni ya kuacha baada ya miaka 65 iliandikwa kwa waliopimwa ipasavyo tangu ujanani. Kipimo cha damu cha tezi dume, kwa upande wake, jopo la Marekani la huduma za kinga lilishauri mwaka 2018 kisifanywe kwa ukawaida kuanzia miaka 70. Lakini ushauri huo unawahusu wasio na dalili, na mzee anayeamka mara nne kukojoa au mwenye damu kwenye mkojo si mtu wa kuchunguzwa kwa ukawaida bali ni mgonjwa anayestahili kupimwa, na aibu ya kidole cha daktari isimzuie.

Vipo pia vipimo ambavyo havina kazi kabisa kwa mzee asiyelalamika. Bakteria huonekana kwenye mkojo wa zaidi ya mwanamke mmoja katika kila 10 waliovuka miaka 70 bila kumdhuru, na kuwaua kwa antibiotiki hakumpi nafuu yoyote zaidi ya kuwafundisha bakteria usugu. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo nacho huonyesha kingamwili za maambukizi yaliyopita miaka mingi. Wazee wangapi wameambiwa kwamba wana “UTI na taifodi” katika ukaguzi wa kawaida ni jambo ambalo kila familia ya Dar es Salaam au Mombasa inaweza kulijibu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 humhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na msamaha wa gharama kwa wasiojiweza umekuwepo kwa muda mrefu, lakini msamaha huo hauna faida kwenye dirisha ambalo dawa haipo. Kwa hiyo familia inayojiandaa kumlipia mzee wake kifurushi cha mwili mzima iulize kwanza ni nani atakayempima tena presha mwezi ujao, vidonge vyake vya miezi 12 vitatoka wapi, na ni nani atakayempeleka. Kama majibu hayo hayapo, fedha ya kifurushi na itumike kuyapata.