Kuta Zilizotoka kwa Mchwa

Kule Urnes, Norwei, kanisa la mbao la karne ya 12 limesimama mpaka leo, nguzo zake zikikalia misingi ya mawe zisiguse udongo. Hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, mchwa wasingelisaza. Kanisa letu kuu la Watakatifu Petro na Paulo, kazi ya Wabenediktini mwanzoni mwa miaka ya 1920, ni la matofali, na mji karibu wote umelifuata. Kilichonikereketa ni udongo wenyewe: tofali linalosifiwa hapa hutoka kwenye kichuguu, nyumba ya mdudu yuleyule anayemaliza mbao.

Mzee mmoja mfyatua matofali, upande wa barabara ya Kipushi, hapendi kusikia kichuguu kikiitwa lundo la udongo. Mchwa, asema, amemfanyia nusu ya kazi, maana ndiye aliyeupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini. Yeye huubomoa, huulowesha ukalala na maji, huukanyaga hadi ulainike, kisha huujaza kwenye kalibu ya mbao, ambayo jioni haiachi chini hata siku moja. Matofali yakikauka huyapanga yawe tanuru lenye njia za moto chini, akalikandika tope nje, magogo yakawaka usiku na mchana.

Adui yake ni chokaa. Alivunja tofali akanionyesha doa jeupe, dogo kama punje ya mtama. Motoni halina shida. Likishapata maji ya mvua hufura na kulipasua tofali kutoka ndani, ukuta ukiwa umekwisha kupanda. Kwa hiyo huchambua udongo kwa vidole, bonge kwa bonge, kazi ya kuumiza mgongo ambayo hakuna mteja anayeilipia. Nilizishika kingo za matofali yake; zimenyooka, na yakigonganishwa hulia.

Vichuguu vya huku kwetu Katanga vimewahi kupimwa umri, na kimoja kilikutwa kimepita miaka 2,000. Nilipomweleza hivyo, mzee aliuliza kama watu wa Norwei hulibomoa kanisa lao wakipungukiwa mbao. Hawalibomoi, tangu 1979 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Akasema vichuguu vya karibu na mji vinakwisha, magogo nayo yanafuatwa mbali zaidi kila mwaka, na oda ya matofali ya wiki hii ameshaipokea. Kichuguu cha umri ule nani akilinde, na mzee huyu afyatue nini?