Moyo katika Mizani

Zamani za kale Wamisri waliabudu miungu mingi. Walisadiki kwamba mtu akifa huhukumiwa mbele ya Osiris, mfalme wa wafu.

Kwanza maiti ilitengenezwa isioze. Mafundi walitoa ini, mapafu na matumbo, wakaikausha kwa magadi, wakaizungushia vitambaa vya kitani. Kazi hiyo ilichukua siku 70. Lakini moyo waliuacha mahali pake. Kwa nini? Kwao moyo ndio uliokuwa na akili na kumbukumbu, nao ulihitajiwa hukumuni.

Huko mtu alisimama mbele ya waamuzi 42. Alisema kwamba hakuua, hakuiba, wala hakudanganya katika mizani. Ndipo moyo wake ulipopimwa. Anubis, mwenye kichwa cha mbweha, aliangalia mizani. Upande mmoja ulikuwa moyo. Upande wa pili unyoya, alama ya Maat, yaani ukweli na haki. Thoth, mwenye kichwa cha ndege kwarara, aliandika. Moyo ukilingana na unyoya, mtu alipata uzima. Ukiwa mzito, uliliwa na Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na mapaja ya kiboko. Mtu huyo alipotea kabisa.

Basi, watu waliogopa mioyo yao wenyewe. Wenye mali waliwekewa kifuani sanamu ya dundu, iliyochongwa katika jiwe. Juu yake yaliandikwa maneno ya kuusihi moyo usimshitaki mwenyewe.

Maulizo: Moyo uliachwa mwilini kwa sababu gani? Dundu wa jiwe alikuwa na kazi gani?