Mtoto Mwenye Kuhara

Mtungi ukipata ufa, mwenye nyumba asiye na mtungi mwingine huutia maji tena na tena, huku akitafuta la kuuziba. Hakuna asemaye, "Usiutie maji, utavuja zaidi." Lakini neno hilo hilo husemwa juu ya mtoto mwenye kuhara. Mama huambiwa amnyime maji, hata uji, kwa kuwa kila anywapo huenda choo. Kumbe mtoto hauawi na maji anywayo, bali na maji yamtokayo, pamoja na chumvi ya mwili wake.

Maji matupu hayamfai sana, maana utumbo ulio mgonjwa hauyapokei vema. Bali sukari kidogo ikiwamo, hupita katika utumbo pamoja na chumvi, na maji huvifuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, watu wengi mno walikimbilia India, na kipindupindu kikawashika. Huko Bangaon maji ya kutiwa katika mishipa yalipungua. Ndipo daktari Dilip Mahalanabis alipoagiza chumvi na sukari vichanganywe na maji, na jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Hapo kwanza wapata 30 katika kila wagonjwa 100 walikufa. Kwa dawa hii hawakufika 4.

Zahanati hutoa dawa hii katika pakiti. Ikikosekana, hutengenezwa nyumbani: maji lita 1 yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe visijae kilima. Chumvi isizidi, maana hudhuru. Mtoto apewe kidogo kidogo kila ahariapo. Akitapika, mama angoje dakika 10, kisha aanze tena polepole. Maziwa ya mama yasikatizwe. Maji yaliyobaki kesho yake humwagwa.

Ufa wenyewe huzibwa kwa choo chenye kifuniko, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na mikono iliyooshwa kwa sabuni, au kwa majivu, kabla ya kumlisha mtoto. Haya yajulikana na wengi. Wayafanyao ni wachache.

Lakini ziko dalili zisizongoja asubuhi. Macho yakididimia, mtoto akilia bila machozi, ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi upesi, akilegea, au asiweze kunywa, damu ikionekana katika choo: na achukuliwe zahanati saa ile ile, huku akinyweshwa njiani. Mchanga asiyetimiza miezi 2 hupelekwa hata dalili hizi zisipoonekana.

Huko mama atapewa pia vidonge vya zinki, vya siku 10 hata 14. Wengi huviacha siku ya tatu, waonapo mtoto anacheza, na siku zilizosalia vidonge hukaa juu ya kabati.