Sanduku la Bibi



Mjukuu wetu alizaliwa hapa Likoni akiwa mzima wa afya. Tukamwadhinia, tukamtia utamu wa tende kinywani kama ilivyo sunna, na bibi yake akafungua sanduku lake la zamani, akatoa vijinguo na shali alizohifadhi tangu wajomba wa mtoto walipokuwa wachanga. Nguo zilikuwa safi, zimekunjwa kwa mapenzi, na zikinuka vile vibonge vyeupe vya naftalini tunavyoweka kabatini kufukuza mende na nondo. Harufu ile kwetu ni harufu ya nguo za heshima. Hakuna aliyeishuku.

Siku ya tatu macho ya mtoto yakawa manjano. Siku ya nne ilikuwa mwili mzima, na ziwa akawa halishiki vyema. Hapa tuseme kosa letu wazi. Wanawake walitaka kumpeleka hospitali usiku ule ule. Sisi tuliosoma chuoni tukasema ni kijicho, maana wageni walikuwa wengi. Tukasoma, tukaandika kombe mamake akanywa, tukaamuru wangoje kupambazuke. Dua haimzuii mtu kwenda kwa daktari. Hilo twalifundisha, na usiku ule tulilisahau.

Asubuhi tukavuka kwa feri. Muuguzi alimfunua mtoto shali, akainusa, akamgeukia mke wetu: "Bibi, nguo hizi ziliwekwa na nini?"

Daktari akatueleza kuwa damu ya mtoto ilikuwa ikivunjika. Watu wengi wa pwani yetu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ni kuzikinga chembe nyekundu za damu. Upungufu huo hurithiwa, hujitokeza zaidi kwa wavulana, na umeenea pale ambapo malaria imekaa karne nyingi, kwa kuwa humpa mtu kinga kiasi dhidi ya homa hiyo. Mwenye nao aweza kuishi hadi uzee asijue. Lakini mvuke wa naftalini ukimfikia mtoto kama huyo, kwa pua au kwa ngozi, chembe zile hupasuka kwa wingi, na ile rangi ya manjano inayotokana nazo, yaani bilirubini, hulishinda ini lake changa. Ikizidi huingia ubongoni, na iachacho huko ni uziwi au ulemavu usiotibika. Hina nayo, ambayo baadhi yetu humpaka mtoto viganjani, yaweza kumdhuru mwenye upungufu huo kwa namna hiyo hiyo.

Mjukuu alilala chini ya taa za buluu, akaongezwa damu. Alhamdulillahi, amepona na masikio yake yasikia. Lakini tangu siku ile tumeitazama nyumba yetu kwa jicho jingine, na lililotushtua zaidi lilikuwa kijichupa cha wanja.

Wakazi wa Changamwe na Mikindani hawahitaji kusimuliwa habari za Owino Uhuru. Karibu na kijiji kile palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Bi Phyllis Omido, aliyeajiriwa pale mwaka 2009, alimwona mwanawe akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Mapambano yake ndiyo yaliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014; mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Miaka yote hiyo ya kesi, kwa sababu ya madini ambayo Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma, huingia katika maziwa ya mama, na hudumaza akili ya mtoto bila yeye kulia wala kupata homa.

Basi madini hayo hayo ndiyo mengi ya wanja unaouzwa madukani. Jiwe jeusi linalosagwa mara nyingi ni galena, ambalo ni risasi iliyochanganyika na kibiriti. Nasi humtia mtoto wa siku saba machoni na katika nyusi kwa kidole, naye hujifuta kwa mkono kisha mkono huo akaunyonya.

Tunajua jibu litakaloletwa: Mtume (S.A.W.) alisifu wanja wa ithmidi. Naam, alisifu. Lakini ithmidi ni jiwe maalumu, na muuza duka hana habari kama alichonacho ni hilo au ni galena. Wala hatujaona kwa wanazuoni wetu aliyesema kuwa wanja ni haki ya mtoto mchanga kama ilivyo akika. Hiyo ni ada yetu. Ada tunaipenda, lakini ikithibiti kudhuru haina hoja mbele ya sharia inayokataza madhara. Nasi huwapaka wanja ili kijicho kisiwapate!

Moshi hatutausemea sana, kwani kila mama aujua unavyochoma macho. Udi na ufukizwe kabla ya mzazi na mtoto kuingia chumbani, madirisha yakiwa wazi, si chetezo kupitishwa chini ya kitanda. Jiko la makaa lisilale ndani katika siku za arobaini, hata mvua ikinyesha, kwa kuwa hewa yake huua bila harufu. Ile dawa ya mbu ya kuchoma usiku kucha tumeiacha. Chandarua alichopewa binti yetu kliniki chatosha.

Wala asiwepo atakayesoma haya akaacha kunyonyesha kwa hofu. Maziwa ya mama yabaki palepale. Kinachoondolewa ni kile kinachomfikia mama na mwana kutoka chumbani.

Na badala yake hakigharimu kitu. Nguo za mtoto zifuliwe kwa sabuni ya kawaida na zianikwe juani hasa, si kivulini. Ziwekwe na karafuu chache zilizofungwa kitambaani, au majani makavu ya mwarobaini, nje ya kunjo za nguo. Za kuazima kwa jirani zinuswe kwanza. Na mtoto akigeuka manjano siku ya kwanza, au manjano ikifika miguuni, au akilegea na kukataa ziwa, apelekwe saa ile ile, na muuguzi aelezwe nguo zilihifadhiwa vipi.

Mke wetu alilisugua lile sanduku kwa sabuni na maji ya moto. Wiki ya tatu sasa liko uani, kifuniko wazi, na bado lanuka.