Shule za Ziada Uingereza: Ubora na Usalama wa Mtoto

Shule za ziada nchini Uingereza huendeshwa na jamii za wahamiaji jioni au mwishoni mwa juma, aghalabu misikitini, makanisani na katika kumbi za mtaa. Watoto hufundishwa lugha ya wazazi wao, dini, utamaduni au masomo ya kawaida, na walimu wengi hujitolea.

Nyingi hazikaguliwi na Ofsted, idara inayokagua shule za kawaida. Hivyo, mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa hiari unaogusa mambo manne: afya na usalama wa mahali, ulinzi wa mtoto, sifa za wafanyakazi, na uongozi. Shule hushauriwa kumteua mtu wa kupokea taarifa za mtoto anayehofiwa kudhuriwa na kuzifikisha kwa halmashauri au polisi. Rekodi ya jinai ya mwalimu huchunguzwa kupitia DBS, idara ya serikali inayoshughulikia rekodi za jinai.

Kwa upande wa ubora, NRCSE, kituo cha taifa cha kusaidia shule za ziada, kiliweka tuzo za ngazi mbalimbali. Ya shaba huthibitisha misingi ya uendeshaji salama. Ya fedha na ya dhahabu hudai zaidi, hasa katika ufundishaji na usimamizi.